Mfugaji wa Ladywood

Jumatatu, 12 Januari

Nimeipata! Nafasi ya maisha yangu! Milka, mke wangu, ameitaja tu akisonga ugali, kana kwamba ni habari ya mvua. Darasa la binti yetu Jelagat linakwenda kaskazini ya Norwe mwezi wa tatu, wiki nzima, kukaa na Wasami. Hao ndio wafugaji wa wale kulungu wa theluji ambao huku huchorwa wakivuta gari la Krismasi. Watoto watajifunza mila zao. Na kuna kiti kimoja cha mzazi.

Kiti hicho ni changu. Jelagat ana miaka kumi na tano na siku hizi ananiongelesha kama dereva wa basi: asante, halafu anashuka. Nikirudi asubuhi kutoka zamu ya kuhudumia wazee kule Edgbaston, hapa hapa Birmingham, yeye anavaa viatu aende shule. Namkosa mtoto ninayeishi naye nyumba moja. Lakini huko porini hakuna mtandao. Ataongea na nani? Na mimi!

Tatizo ni Gaston. Baba yake Nabintu wa darasa la Jelagat, Mkongo kutoka Walungu. Naye anakitaka. Ndiye aliyechukua uongozi wa kwaya ya kanisa letu mwaka jana bila hata kuuomba.

Jumatano, 14 Januari

Nimemwambia Mwalimu Neeta wa jiografia, anayechagua mzazi, kwamba mimi ni mfugaji. Mkalenjin halisi! Nimelelewa katikati ya ng'ombe, nikasema, nikatazama dirishani kama mtu anayewakumbuka. Mwalimu aliguswa sana.

Ukweli, na ubaki humu humu: nimekulia Nakuru mjini, kwenye nyumba za polisi. Maziwa yalitoka kwenye pakiti. Ng'ombe niliyemfahamu kwa karibu ni mmoja tu, na alinikimbiza.

Mazoezi yameanza. Nimerusha kamba ya kitanzi, kama Wasami wanavyonasa kulungu, kwenye maegesho chini ya ghorofa letu hapa Ladywood. Kwanza nikanasa hewa. Kisha pipa la taka. Kisha kioo cha pembeni cha gari la jirani yetu Gurmeet, naye akiwa ndani analiondoa. Kioo kimebaki na mimi. Gurmeet ameniuliza, kwa upole wa kutisha, kama kichwani niko sawa. Milka ameuliza hilo hilo bila upole.

Ijumaa, 16 Januari

Mwalimu Neeta amepiga simu! Jumanne kuna mkutano wa wazazi. Mwenyeji wetu, Mama Máret, Msami mwenyewe, atakuwa kwenye skrini. Mimi nifungue mazungumzo, mfugaji kwa mfugaji. Nimekubali kabla sijapata muda wa kuogopa.

Nimemkuta Gaston kituo cha basi. Nikamwambia kwa huzuni kwamba baridi ya kule huwa inakata watu pua. Akafikiri. Akasema, "Bon, Papa Jelagat, tutafunika pua basi." Mtu huyu hatishiki! Inaudhi.

Jioni Jelagat alikuwa sebuleni akiongea kwa simu na kogo wake, yaani mama yake Milka, aliyeko Kapsowar na ng'ombe wake. Kogo akataka kunisalimia. Nikasema sina nafasi, nafanya mazoezi ya ufugaji. Jelagat akaanza, "Dad, she's literally a..." Sikumngoja amalize. Niliwahamishia chumbani, nilihitaji sebule.

Jumanne, 20 Januari

Aibu. Aibu tupu.

Nilivaa blanketi jekundu la sofa begani. Ukumbi umejaa. Mama Máret yuko kwenye skrini, jikoni kwake, anatabasamu. Nikasimama na kuuliza swali nililolifanyia mazoezi siku nne: je, Mama, una kulungu wangapi?

Akatabasamu kama muuguzi. Akajibu kwamba wapo, wengine huku, wengine kule. Nikauliza huku ni wangapi. Kwa makadirio tu! Ili kumsaidia nikamtajia wangu: ng'ombe mia nne. Mwalimu Neeta akakohoa.

Ndipo akasimama Jelagat. Binti yangu! Akamwomba Mama Máret radhi kwa niaba yangu, kwa Kiingereza kilichonyooka. Akasema kwa kogo wake Kapsowar pia mtu haulizwi idadi ya mifugo. Ni sawa na kumuuliza ana kiasi gani benki mbele ya watu, na kuhesabu kwa sauti kunaleta mkosi. Kisha akauliza kama wanyama waliivuka Desemba salama. Mama Máret akachangamka! Akaeleza jinsi mvua inavyonyesha juu ya theluji siku hizi, ikaganda, wanyama wakashindwa kufikia chakula chini ya barafu. Walizungumza kama majirani. Mwishowe akauliza mtoto huyu kafundishwa na nani. Na babake?

Jelagat akajibu: "My dad's from Nakuru. Town."

Gaston akatikisa kichwa. "Hata kwetu Walungu, ngombe za mutu hauwezi uliza hesabu." Akanipigapiga mgongoni. Hapo ndipo palipouma.

Jumatano, 21 Januari

Kiti kimekwenda kwa Gaston. Bila shaka.

Nilirudi asubuhi nikijua Jelagat hatanitazama. Kumbe alikuwa jikoni, viatu mkononi, ananisubiri. Anacheka! Amemsimulia kogo yote, na kogo alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Sasa kogo anataka kunifundisha. Jumapili saa tisa, kwa simu, mimi na Jelagat tukiwa pamoja. Halafu akasema, "Dad, utakuja?"

Kwa Kiswahili! Sikumbuki lini nilikisikia mara ya mwisho kinywani mwake. Nikaapa nitakuja hata nikiwa mgonjwa. Alichelewa shule kwa ajili yangu. Sijafurahi hivi tangu alipoanza kutembea.

Jumapili, 25 Januari

Gaston amepiga chafya kanisani! Wakati wa sadaka! Anayepiga chafya Birmingham atafanya nini Norwe? Niliona mkono wa Mungu. Ibada ilipokwisha nikapanda treni hadi kwake Selly Oak na tangawizi, malimau na uso wa huruma. Mpango: nimwogopeshe taratibu hadi ajitoe mwenyewe.

Nikakaa kando ya kochi lake nikimsimulia vifua vilivyoharibiwa na baridi. Nikamnywesha tangawizi kikombe baada ya kikombe ili hadithi zisikatike. Alisikiliza. Aliniita ndugu. Kisha akainuka, akavuta pumzi ndefu, akasema kifua kimefunguka kabisa. Nimemponya! Kwa mikono yangu!

Ndani ya treni ndipo nilipotazama simu. Saa kumi na moja. Jelagat alikuwa amepiga, akapiga tena, halafu ujumbe: "We waited. Kogo says hi."

Nyumbani, mlango wa chumba chake umefungwa. Nimesimama hapo nimeinua mkono nibishe. Imeniuma, humu sidanganyi. Ndipo Milka, akiosha vyombo, akasema Mungu amsaidie Gaston huko, maana goti lake humsumbua akipanda ngazi.

Goti! Na sisi tuko ghorofa ya tisa, na lifti yetu haiaminiki! Kesho namwalika chai.

Mlango nimeuacha. Jelagat ataelewa tu. Nitamweleza yote huko kwenye theluji, tutakuwa na wiki nzima ya kuongea.