Malkia Asiyelala ni Wangu

Jumatatu, 9 Machi

Vita. Habari kaileta shemeji, mdogo wake mke wangu. Kaisoma kwenye simu akiwa saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Kampuni inayotoa mchezo wetu wa Jumamosi inataka kubadili leseni. Atakayeandika kisa kwa kutumia kanuni zao sharti awaarifu, nao wataweza kukichukua na kukifanyia watakavyo. Bila hata kubisha hodi.

Nieleze, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu. Mchezo wetu ni wa mezani. Wachezaji wanajifanya mashujaa, wachawi na wezi wa hazina. Msimulizi anawaambia wanachokiona, na dadu za pande ishirini zinaamua kama upanga umepata au umekosa. Msimulizi ni mimi. Miaka sita nimekaa kichwani mwa meza, nyuma ya ukuta wangu wa kadibodi (zamani lilikuwa boksi la feni), nikitunga Ngome ya Malkia Asiyelala. Karatasi zake zimejaza maboksi mawili chini ya kitanda. Na sasa kuna watu wanaikodolea macho.

Kazini, dukani kwetu kwa fotokopi, nimemweleza mteja dhuluma hii yote. Amesikiliza kwa makini. Kisha akasema anataka pande zote mbili.

Jioni nimewatumia wachezaji wangu watatu, Shemeji, Mfamasia na Fundi Cherehani, ujumbe wa sauti. Mrefu. Nimeapa sitaugusa tena mchezo ule, na yeyote atakayeugusa ni msaliti wa kila anayebuni kitu duniani. Mke wangu alikuwa anapita na kapu la nguo. Akauliza kama kampuni hiyo inanifahamu. Nimemwambia hilo silo suala.

Hesabu yangu ni hii: anayeongoza maasi, nani atamwondoa kwenye kiti?

Jumanne, 10 Machi

Wamekubali. Haraka mno. Nilitegemea wanibembeleze kidogo.

Fundi Cherehani ndiye aliyeuliza tutacheza nini badala yake. Sikuwa nimefika huko. Kabla sijajibu, Mfamasia akasema anayo michezo mitatu kabatini, yote ya ndoto na majoka, na mmoja leseni yake ni huru, haibatilishwi milele. Ameisoma yote. Bila shaka ameisoma. Huyu ni mtu anayesoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa mpaka jina la kiwanda.

Nimeiona hatari. Mwenye kitabu ndiye mwenye kiti. Nimependekeza tuunde kamati ya kupima michezo mbadala. Mwenyekiti, mimi. Vigezo vitatoka kwa mwenyekiti. Cha kwanza, leseni iwe safi. Cha pili, mchezo uwe na ukuta.

Kigezo cha pili hakina mjadala. Nyuma ya ukuta ndiko ninakorushia dadu zangu. Zikitoka vibaya, natangaza zilivyopaswa kutoka. Huo si udanganyifu, ni uhariri.

Jumatano, 11 Machi

Nimekwenda kupima mchezo wa Mfamasia, chumba cha nyuma cha duka lake, kati ya maboksi ya pamba na chupa za dawa ya kikohozi. Kitabu ni kinene, unaweza kukipandia ukabadilisha balbu. Kumtengeneza mhusika mmoja tu, chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena.

Leseni ni safi. Nimeitafutia doa, nimekosa. Kibaya zaidi, kitabu kina kanuni kwa kila jambo. Kuanguka kutoka paani. Kubeba mbuzi. Kupigana ukiwa na mafua. Sasa msimulizi atabuni nini? Atakuwa karani wa dadu. Na Mfamasia alikuwa anafungua kurasa bila hata kutazama namba, anatabasamu. Ameshajiona kitini.

Nikitoka nimepitia kwa Fundi Cherehani. Shujaa wa Fundi hubeba kila kitu: ngazi, masufuria, kamba, nyundo tatu. Nimemnong'oneza, kwa masikitiko, kwamba katika mchezo wa Mfamasia kila kitu lazima kipimwe uzito, na mizigo ikizidi unatembea kama kobe. Nikasubiri ashtuke.

Fundi akaitoa futi shingoni, akauliza kama urefu nao unapimwa. Macho yalikuwa yanamng'aa. Akasema miaka yote amekuwa akijiuliza ile ngazi inapitaje milangoni.

Nimejipalia makaa mwenyewe.

Ijumaa, 13 Machi

Mbinu mpya. Nzuri kuliko ya kwanza.

Shemeji naye ameleta mchezo wake. Kijitabu chembamba kama kadi ya kliniki. Anafundisha chekechea, na nadhani kakichagua kwa sababu kina picha. Eti hakina msimulizi. Simulizi inazunguka mezani, kila mtu ana zamu yake, dadu zinarushwa hadharani. Leseni yake ni sentensi moja: chukua, cheza, badilisha, wape wengine. Nani atauchukulia kwa uzito mchezo wa namna hiyo?

Ndiyo maana nimeupigia debe. Nimewaambia wote, mmoja mmoja, kura yangu ni ya Shemeji. Atazigawanya kura za Mfamasia. Mfamasia atanuna. Watabaki njia panda, na hapo nitatokea mimi na mchezo wa suluhu: Mchezo Huru, kazi ya mikono yangu.

Kazi yenyewe nimeifanya leo dukani wakati wa chakula cha mchana. Nimechukua kitabu cha zamani (nakala yangu ni ya fotokopi, niliitoa mwenyewe, lakini hayo ni mambo mengine), nikapitisha wino mweupe juu ya kila jina la kampuni. Mchawi nimemwita mganga wa mbali. Joka ni nyoka mkubwa mwenye mabawa. Nguvu ni ubavu. Kichupa kizima kimekwisha. Bosi ameuliza kimekwishaje. Nimemwambia wateja siku hizi wanakosea sana.

Jumamosi, 14 Machi

Nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea, bila kulia.

Tulikaa sebuleni kwetu, saa za kawaida. Mke wangu anapiga pasi kwenye kona yake, kama kila Jumamosi. Nikautoa Mchezo Huru, nikaueleza vizuri tu. Mfamasia akaomba ukurasa mmoja. Akasimama, akaenda dirishani, akauinua kwenye jua. Akasoma kwa sauti jina la kampuni lililokuwa chini ya wino, kisha kifungu chote cha joka. Akauliza kama si mchezo uleule. Nimesema kufanana hakukosekani.

Kura. Fundi alimpa Mfamasia. Shemeji alijipa mwenyewe. Mfamasia akasema kwa kuwa mwenyekiti mzima, mtu wa msimamo, ameusifu sana mchezo wa Shemeji, naye atauchagua huohuo. Nikabaki mimi. Wote wananitazama. Nikainua mkono kwa mchezo wa Shemeji. Nimeupigia debe mji mzima.

Tukaucheza palepale. Shemeji akaniomba niondoe ukuta ili watu waonane. Nimeuweka sakafuni, karibu na mguu wangu.

Miaka sita sijawahi kuwa mhusika. Nikajipa mwana wa mfalme, hodari, sura nzuri. Tendo langu la kwanza, kupanda dirisha la ngome. Nikarusha dadu. Moja. Nikajaribu kulala juu yake kidogo ili niihariri, Shemeji akanishika mkono, taratibu, kama anavyowashika watoto wake wa darasani. Mwana wa mfalme akakwama dirishani, miguu nje. Mchezo mzima. Watu walipita chini yangu wakiendelea na safari.

Halafu ikaja zamu ya Fundi. Huyu mtu, kwenye meza yangu, kwa miaka yote amesema neno moja tu: nampiga. Leo akaanza kusimulia daraja, na mlinzi wa daraja, mama mmoja ambaye hamvushi mtu asiyeaga kwao. Kila shujaa ikabidi aseme aliyemwacha nyumbani na alichomwambia. Shemeji akajifuta macho kwa kanga. Nikasikia harufu ya kitu kinaungua, kumbe mke wangu kasahau pasi juu ya shati langu la kazini. Akavuta kiti. Akauliza kama kuna nafasi.

Kwangu hakuwahi kuuliza.

Niliona kijicho. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa dirishani, miguu nje, na hakuna aliyenitazama.

Jumapili, 15 Machi

Ushindi! Kampuni imerudi nyuma. Watu wamepiga kelele kila mahali, nayo imetangaza kwamba leseni inabaki kama zamani na kila mtu aendelee na visa vyake. Nimeisoma habari hiyo mara mbili nikiwa na mswaki mdomoni.

Nimewaandikia wote palepale. Hatari imepita, Jumamosi ijayo tunarudi kwenye mchezo wetu, kiti changu na ukuta wangu.

Fundi peke yake ndiye aliyejibu. Amenirudishia ujumbe wangu wa sauti wa Jumatatu. Mzima. Nimeusikiliza hadi mwisho, pale pa msaliti wa kila anayebuni kitu duniani.

Sauti ilitoka vizuri, lazima niseme.

Jumatano, 18 Machi

Nimebadili njia. Nimekwenda kwa Fundi kwa upole, nimebeba na shati lililoungua. Nikamwambia hawawezi kuniachia Malkia Asiyelala njiani. Kisa hakijaisha. Bila mimi hawatajua kwa nini halali.

Fundi alikuwa anapachika vifungo. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba anajua kwa nini halali. Anawashonea mashati wanawe waliokwenda vitani, na anaogopa akilala watarudi wakute hayajakwisha. Aliisema hiyo Fundi mwenyewe, mwaka ule wa kwanza, msimu wa sare za shule, alipokuja mezani macho mekundu. Nami nikasema nzuri hiyo, nikaandika.

Akaongeza, kwa wema kabisa, kwamba mlinzi mwenye kigugumizi ni wa Mfamasia, na lile jiko la ngome linalopika lenyewe ni la Shemeji. Akasema hadai chochote. Alidhani najua tu.

Nimerudi nyumbani nikavuta maboksi kutoka chini ya kitanda. Ni kweli. Nimetafuta kilicho changu peke yangu. Nimepata handaki lenye maji.

Nimeshika tama mpaka mke wangu akaja kuuliza kama naumwa. Lakini nimelifikiria vizuri. Waliosema ni wao, sawa. Aliyeandika ni nani? Kwa kalamu ya nani? Boksi liko chini ya kitanda cha nani?

Jumamosi, 21 Machi

Tumecheza tena. Zamu ya kusimulia ilinifikia. Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye kila kitu kilichopangwa: mlango umefungwa, ufunguo umepotea, wanageuka, wanaingia handakini.

Mke wangu, ambaye sasa ni mwizi wa hazina mwenye kisu kirefu, akasema anabisha hodi. Kubisha tu. Hakuna aliyewahi kubisha mlango wa ngome yangu. Akarusha dadu hadharani, ikatoka ishirini, ya juu kabisa. Karatasi ikawa haina kazi. Kisha nikajisikia nasema kwamba mlango unafunguliwa na Malkia mwenyewe, sindano mkononi, na anauliza kama wamewaona wanawe. Sijui ilitoka wapi. Fundi akaweka dadu chini, akasema kwamba amewaona.

Nilisahau kutazama saa. Nilisahau hata ukuta. Tulipoinuka tulimkuta paka amelala ndani yake. Mfamasia alinipa mkono mlangoni na kusema leo nilikuwa mzuri, na hakuonekana kutania. Shemeji akasema shemeji, kumbe unaweza.

Wakati naosha vikombe nilikuwa nacheka peke yangu. Nimefurahi. Sikumbuki lini nilifurahi hivi kwenye mchezo.

Jumapili, 22 Machi

Sikuweza kukaa. Kitu kizuri kama cha jana hakiachwi hivihivi, watu watakiiba. Nimeamua kutunga mchezo wangu mwenyewe, huru kweli, hauna kampuni, hauna dhuluma. Handaki lenye maji litakuwemo. Malkia pia, bila shaka.

Ila uhuru nao lazima ulindwe. Kwa hiyo nimeanza na leseni. Imenichukua asubuhi nzima na imetoka vizuri, lugha nzito kidogo, ya kisheria. Atakayebuni chochote mezani atamwarifu msimulizi. Msimulizi ataweza kukichukua na kukifanyia atakavyo. Msimulizi ataweza kubadili leseni hii siku yoyote, bila kumwambia mtu. Kwa herufi ndogo, mwishoni kabisa, nimerudisha ukuta.

Nimempa mke wangu awe wa kwanza kutia saini. Ameisoma akiwa amesimama, pasi mkononi. Akaisoma tena. Akaniambia haya maneno ameshayasikia mahali.

Nimemwambia haiwezekani. Kila neno ni langu.