Korongo wa Mke Wangu

Jumatano, 6 Novemba

Mvua! Tena mvua! Sikukuu ya kuwapokea korongo ni Jumamosi, na mke wangu yuko kitandani, mguu ndani ya plasta. Alianguka kutoka kwenye ngazi niliyoiunda kwa mikono yangu. Ngazi haikuwa na kosa. Ukuta ndio uliosogea.

Tangu tuoane hajawahi kuikosa siku hiyo. Leo amesema haidhuru, korongo watakuja na mwakani. Akageukia ukutani. Roho imeniuma. Mimi mkata tiketi wa hifadhi, halafu mke wangu akose korongo? Haiwezekani.

Alhamisi, 7 Novemba

Shemeji, kaka yake, amejitolea kumpeleka kwa pikapu yake. Kujionyesha tu! Nimemwambia magari ni marufuku kufika kwenye banda la kuangalia ndege. Ni kweli kabisa, tangu asubuhi, nilipobandika tangazo.

Mpango wangu: kiti cha sebuleni, miti miwili, wabebaji wawili. Mama mkwe, kwa hiari yake, alikubali kukaa tujaribu. Shemeji ni mrefu. Mimi Mungu aliniumba kwa kiasi. Mama mkwe aliteleza taratibu, akaniangukia. Tangu hapo salamu zake ananitumia kupitia binti yake.

Jumamosi, 9 Novemba

Upepo uling'oa mahema. Msimamizi wa hifadhi akahamishia sherehe kantini, watu wameloa chepechepe, korongo hakuna. Mimi nilimweka mke wangu kwenye toroli, juu ya mto, mwavuli mkononi, tukapita uwanja wa mpira kuelekea kwenye banda. Njia ya mkato!

Katikati ya uwanja gurudumu likazama. Nikasukuma. Nikavuta. Nikaanguka chali. Mke wangu akajiinamia chini ya mwavuli. Nikajua analia, nikaona aibu hata kumtazama.

Kisha akanigusa bega. Korongo walikuwa wanashuka! Mvua ilikuwa imewachosha. Walitua uwanja mzima, golini, kwenye kona, karibu yetu kabisa, wakikung'uta mabawa.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ya chini, "usisukume tena."

Tukakaa mvuani tumeshikana mikono. Watu wa kantini walikuja mbio, Shemeji mbele, wakasimama pembeni ya uwanja bila kelele. Mke wangu hakuwaona. Uso wake ulikuwa kama wa siku ya harusi yetu, nami nilimpenda kama siku ile.

Jumapili, 10 Novemba

Plasta ililainika kama uji. Muuguzi amenifokea, ameweka nyingine. Nimemweleza Shemeji kuwa uwanja niliuchagua makusudi, kwa kuusoma upepo. Haamini. Wivu!

Korongo wameondoka asubuhi. Mke wangu anasema ameridhika, hana haja na ndege wengine mwaka huu. Anachotaka ni mimi nikae naye tu, tunywe chai. Maskini, anaona haya kuomba. Nimemwelewa mara moja: anataka bwawa la korongo chini ya dirisha lake. Nimeazima koleo, shimo limeshanifika magotini. Mara mbili amenyoosha kikombe changu dirishani. Nimemwambia kwa upole asubiri, haya yote nayafanya kwa ajili yake.