Bei ya Gari Jekundu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeliona. Jekundu, milango miwili, limelala chini, paa la kufungua na kufunga. Mama yangu! Gari la spoti lenyewe, si yale ya kubandikwa stika. Lina umri, sawa, lakini linang'aa kuliko vigae vyote vya duka ninalofanyia kazi.

Mwenye gari ni mama mmoja mstaafu, jirani yake fundi matairi aliyenielekeza. Alikuwa karani wa mahakama. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuwaapisha mashahidi, na amebaki na mazoea. Nilipomwambia jua ni kali leo, alinitazama machoni akaniuliza kama naapa.

Bei aliyotaja ilinitoa jasho. Akiba ni ya kwangu na mke wangu, na yeye ana masharti. Ni fundi cherehani, anashona pale dirishani kutwa nzima. Kasema ninunue gari ninalotaka, mradi ibaki ya kutosha kununulia mashine yake ya kudarizi. Isipobaki, hakuna gari. Na yeye hana mchezo. Basi bei lazima ishuke.

Halafu kuna Shemeji, kaka wa mke wangu. Ana gari jeusi kubwa kama ghala. Akipita kwetu anapiga honi, pii pii! Hasimami, hasalimii. Honi tu. Siku zake zinahesabika.

Jumanne, 4 Juni

Nimeaga dukani kwamba naenda kupima sakafu ya mteja. Nikavaa shati lililochanika kwapani, nikaenda kwa Mama Karani.

Mbinu yangu ya kununua ni moja tu: kuponda. Usisifu kitu mbele ya mwenyewe hata kama roho inakutoka. Tafuta kasoro. Ukiikosa, izue. Nikafungua mlango wa gari. Kimya, laini, raha tupu. Nikakunja uso. Nikasema mlango huu unalia.

Akaniuliza kama naapa. Nikaapa, haki ya Mungu. Akashusha bei. Hivi hivi! Nilitaka kucheza pale pale uani.

Kisha akafungua mlango huo huo kuchukua miwani yake. Ukalia. Mlio mwembamba, mrefu, mpaka paka aliyekuwa amelala kwenye kibaraza akakimbia. Kumbe nina sikio kali hivi na sijijui! Nimejipongeza njia nzima.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi. Leo nimeponda rangi. Nimesema nyekundu hii imeanza kuchuja, upande wa kushoto inaelekea kahawia. Halafu nikaingiza kichwa ndani, nikanusa, nikasema kunanuka unyevu. Ukweli ni kwamba kulinukia ngozi na sabuni.

Je, naapa? Naapa. Akashusha tena. Mwanamke huyu hajui biashara kabisa! Namwonea huruma kidogo, lakini si sana.

Alinikaribisha chai. Ananisikiliza vizuri mno, hata kope hapepesi. Aliniambia hajawahi kumkatiza mtu anayeapa. Nikamwambia hiyo ni tabia njema.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemchukua Fundi Spana anikagulie injini, kwa ahadi ya chakula cha mchana. Tulipofika, gari lilikuwa la kahawia. Si upande wa kushoto peke yake. Lote! Rangi ya chai iliyopoa. Nikamwambia Fundi ni jua. Fundi akasema gari lilikuwa limefunikwa turubai mpaka tulipolifunua.

Alilizunguka polepole. Akanivuta pembeni, akaniambia yeye ndiye aliyelifanyia matengenezo mwezi uliopita, na lilikuwa jekundu, na halikuwa na harufu ile. Akasema ni harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi kukiwa na mtu ndani. Nikamwambia asinitishie dili. Mafundi wana maneno sana.

Basi nikamgeukia Mama Karani, nikasema hata injini inakohoa. Nikaapa kabla hajaniuliza. Nimeshamzoea.

Fundi akawasha. Injini ikakohoa. Si kama gari. Kama mzee aliye chumba cha pili, anayejizuia asiwaamshe watu. Fundi akazima. Ikakohoa tena. Akachomoa ufunguo, akaniwekea kiganjani. Ikakohoa, halafu ikasafisha koo.

Fundi Spana ameondoka bila kula na bila mkoba wake wa spana. Basi nimepata na spana. Bei imeshuka vizuri mno leo, ingawa nywele za mikononi zilinisimama mpaka nilipofika nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeelewa! Mimi si wa kuelewa haraka, lakini nikielewa nimeelewa. Kila ninachomwapia yule mama kinakuwa. Kinakuwa kweli! Mtu mwoga angekimbia. Mimi nimekaa, nimefikiri, nimeona hapa pana nafasi ambayo watu wengi hawaipati maishani.

Tatizo ni dogo. Nikiliponda gari zaidi, nitanunua fremu na usukani. Na bei bado haijafika pale pa kubakiza pesa ya mashine ya kudarizi. Kwa hiyo nikaliacha gari, nikajiponda mwenyewe. Huruma pia inashusha bei. Nikasema nina mguu mbovu, kutembea ni taabu, ndiyo maana nahitaji gari. Nusura niseme nikidanganya nife! Nikajifanya nimepaliwa na chai. Nikaapa kwa mguu peke yake.

Bei imeshuka. Nimerudi nyumbani nachechemea. Goti limekaza kama mlango uliovimba.

Mke wangu aliacha kazi ya mteja, akanikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Akaniuliza nimeangukia wapi. Nikasema ngazi za dukani. Akanitazama, akaniwekea mto chini ya goti, akaendelea kukanda huku akiimba kwa chini. Nampenda huyu mwanamke. Nilitaka kumweleza yote. Sikumweleza, kwa sababu angenikataza.

Jumatatu, 10 Juni

Ushindi! Gari ni langu!

Lilikuwa limebaki kidogo tu. Nikatafuta neno moja la mwisho, la huruma, lisilodhuru mtu. Nilifikiri njia nzima nikichechemea. Mguu uko mwilini mwangu, ndiyo maana umeharibika. Mlango uko kwenye gari, na vyote vilikuwa mbele ya yule mama. Lakini mke yuko nyumbani kwetu anashona, hasikii, hahusiki. Nikaona hapo ndipo penye usalama.

Nikamwambia Mama Karani kwamba sina mke. Sina ndugu, sina wa kuniuliza nimekula au sijala. Gari hili ndilo litakuwa mwenzangu. Nilisema vizuri mpaka machozi yakanilenga.

Aliweka kikombe chini. Akaniuliza kama naapa. Akaniuliza mara ya pili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nami namjua mnunuzi anayesita: anakosa. Nikaapa.

Akanipa funguo kwa bei ya kutupa. Bei ya baiskeli! Nikaenda moja kwa moja kununua mashine ya kudarizi, nikaiketisha kiti cha abiria, nikaifunga mkanda. Nikafungua paa. Watu wanageuka! Nilijua ni kikohozi kinachowageuza, lakini kugeuka ni kugeuka.

Baadaye, siku hiyo hiyo

Naandika nikiwa ndani ya gari.

Nilisimama chini ya dirisha letu, nikapiga honi, pii pii, kama Shemeji. Mke wangu akachungulia, sindano mdomoni. Akaitoa. Akaniambia karibu kaka, unamtafuta nani?

Nikacheka. Nikasema ni mimi. Akaniuliza mimi nani. Hakuwa na hasira. Hasira ningeijua, nimeishi nayo. Alikuwa na adabu. Adabu ile ya wateja wapya.

Nikachechemea mpaka mlangoni, nikachungulia ndani. Viatu vyangu havipo. Shati langu la dukani halipo kwenye msumari. Kitanda ni kile kidogo cha mtu mmoja, na kinaonekana kimekaa pale miaka. Nikamwambia nimemletea mashine ya kudarizi. Alinawiri uso! Akasema amekuwa akiitamani siku nyingi, lakini hapokei zawadi kwa mwanamume asiyemjua. Nikaiacha mlangoni, nikamwambia ni ya majaribio, kutoka dukani. Akanishukuru. Akanipa pole ya mguu, akaniuliza kama nyumbani kuna wa kunikanda.

Shemeji akaja. Akagonga bodi ya gari, akaniambia niondoe kopo langu mlangoni kwa dada yake. Nikaliondoa. Nimeogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi na mapema kwa Mama Karani. Nimemwambia achukue gari, achukue na spana, anirudishie mke. Nimeapa kwamba ninaye. Nimeapa kwa kila kitu nilichoweza kukumbuka.

Akanisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia shahidi akishashuka kizimbani ameshuka. Hana kinyongo na mimi, ndivyo kazi inavyofanywa. Alinikumbusha kwamba aliniuliza mara mbili. Akanimiminia chai.

Nimelia mbele yake. Kule nje gari lilikohoa kwa upole, na kwa mara ya kwanza nikahisi linanisikitikia. Nalala humo sasa. Ile harufu nimeanza kutoisikia, nafikiri ni kwa sababu mtu aliyefungiwa ndani ni mimi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepata wazo! Tena wazo safi, halina uongo hata kidogo. Aliyeapiwa kwamba hana mke ni mimi wa Jumatatu. Hakuna aliyeapa kwamba sitaoa. Nitamposa upya!

Nimeanza vizuri. Nimepita dirishani kuulizia mashine. Kaipenda, haachi kuisifu. Amenionyesha ua alilodarizi, amecheka nilipoliita kabichi. Kicheko kile kile! Nikamwambia suruali yangu imefumuka, akaniambia niilete. Nikamuuliza kama ana mtu. Akainama, akasema hana, lakini mambo hayo yanaanzia kwa baba yake.

Nimeoga kwenye bomba la duka la vigae. Bosi amekasirika. Nimemwambia nina posa, akanipa sabuni.

Kimebaki kitu kimoja. Posa inataka mshenga, mtu mzima wa kukaa upande wako na kukusemea. Sina ndugu tena, niliapa mwenyewe. Nimempigia simu mjomba, kasema nimekosea namba. Basi nimemwomba mtu pekee anayenifahamu vizuri mjini hapa. Amekubali mara moja. Amesema tangu astaafu anakosa kazi ya heshima.

Jumapili, 16 Juni

Posa imefanyika! Naandika haraka, bado nina furaha.

Tumekaa sebuleni kwa baba mkwe, ambaye hanijui. Mimi, suruali imeshonwa upya. Mama Karani kando yangu, miwani safi, mikono mapajani. Shemeji ukutani, kanuna. Baba mkwe amemsifu binti yake: mikono ya dhahabu, akili, tabia, afya, hana kasoro. Nilikuwa natikisa kichwa kukubali kila neno. Nilijiapiza garini kwamba leo nasema ndiyo mwanzo mpaka mwisho.

Ndipo akataja mahari.

Ebo! Mara ya kwanza, nilipomwoa, hakutaja nusu yake! Na Shemeji pale ukutani anatabasamu. Anajua mfukoni sina kitu. Nikahisi uso unakunjamana wenyewe, ule uso wangu wa kununulia. Nikasema mzee, tuongee kama watu wazima. Binti ni mzuri, sikatai, lakini nimemchunguza. Kidogo hasikii vizuri.

Mama Karani akanigeukia taratibu. Akaniuliza kama naapa.

Nilijua. Naandika hapa kwamba nilijua, jasho lilinitoka mpaka soksi. Lakini baba mkwe alikuwa tayari anakuna kidevu, na mtu akishakuna kidevu anakaribia kushuka. Unamwachaje hapo? Nikaapa.

Ameshusha robo nzima! Shemeji tabasamu limemkauka. Sijawahi kupata dili kama hii maishani mwangu.

Tulipotoka nilipitia dirishani kumpa mchumba habari njema. Alikuwa amenipa mgongo, anakata uzi. Mashine ilikuwa imezimwa, barabara tupu. Nikamwita. Nikamwita kwa sauti zaidi. Nikapiga honi, pii pii, mpaka majirani wakatoka. Yeye hakugeuka.

Nikaacha honi. Mama Karani alikuwa anangoja ndani ya gari, mkanda ameshafunga.

Tumepanga kurudi kwa mzee Jumanne. Bado bei haijanikaa sawa. Nitagusia na macho yake.