Hoteli Yangu na Wauza Matangi

Mwendwa Hoteli,
Maua, Meru.

Ndugu Mhariri,

KUH: KUITWA MBAYA NA WATU WASIOKULA KWANGU

Nakusalimu kwa heshima, ingawa wiki hii heshima imeniishia kidogo. Jumatatu gazeti lako la mtandaoni lilitangaza kwa herufi nene kwamba utafiti umeipata hoteli mbaya kuliko zote za Meru na Embu. Hoteli hiyo ni yangu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mtafiti wenu ni kampuni ya kuuza matangi ya maji. Hakufika Maua, hakuonja hata chai. Alikusanya nyota ambazo wateja hubonyeza kwenye simu, akazijumlisha, akakuletea bure. Nawe ulipokea kwa mikono miwili, ukalipigia jina lake mstari wa buluu. Niliugusa nikaangukia kwenye matangi. Mpwa wangu Misheck, mtu wa kompyuta, ananieleza kwamba magazeti yakiuweka mstari huo, kampuni hupanda juu kila mtu anapotafuta tangi mtandaoni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kimetembea juu ya mgongo wangu.

2. Maoni yenyewe mliyasoma? Wateja wangu ni madereva wa miraa, na miraa ikichelewa kufika Nairobi inanyauka. Liban, anayekula kwangu kila siku, aliandika: "Mbuzi ya huku ni tamu ajabu. Nilikaa nikaongeza, mzigo ikanyauka. Star moja." Mwingine akaandika: "Kama uko na haraka usiingie hapa, hutatoka. Star moja." Hao ni wanaume walioshiba, Mhariri. Mwenye matangi alihesabu nyota, kusoma kukamshinda.

3. Hoteli mliyoipa nafasi ya kwanza, kule Kiambere, Embu, ina maoni ya mtu mmoja tu, na jina lake la ukoo ni la mwenye hoteli. Hongereni kwa sayansi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Binti yangu Cicily anaposwa na Muchangi, kijana wa hukohuko Kiambere. Jumamosi wazee wao wanakuja kuzungumza mahari, na mbuzi nilikuwa nimeshamchagua. Juzi wametuma ujumbe, kwa upole sana, kwamba watafika wakiwa wameshakula. Una binti, Mhariri? Mkwe akikataa chakula chako amekataa nyumba yako. Cicily analia jikoni.

Kwa hivyo naomba uifute habari hiyo na uwaeleze wasomaji kwamba mtu mwenye akili hachagui mahali pa kula kwa kuhesabu nyota za watu asiowajua. Pia naomba wewe na mwenye matangi mje Jumamosi, mkae mbele ya wakwe zangu, mle mpaka mshindwe kuinuka. Biashara yake itangoja. Matangi hayanyauki.

Wasalimie wote hapo ofisini, na zaidi yule aliyetunga kichwa cha habari.

Ni mimi, niliyetukanwa kwa hesabu,
Lenah Kathambi

N.B. Wakwe wakishakuja, itakuwa zamu yetu kwenda kwao, na kule sipajui. Tafadhali nitumie namba ya simu ya ile hoteli ya Kiambere iliyoshika nafasi ya kwanza. Siwezi kupeleka ukoo mzima mahali ambapo sijui pana nyota ngapi.