Wanja wa Maestro

Mtaa wa Wadi Kabir una fundi wa kila kilichoharibika, isipokuwa midomo ya wanaokaa kwenye viti vya plastiki nje ya mkahawa wa chai ulio pembeni mwa gereji. Kila baada ya alasiri hukutana pale watu wale wale, wakanywa chai ya maziwa ile ile, wakamsema aliyepita na asiyepita. Jioni ile aliyeanza alikuwa Loay, karani wa ofisi moja ya Qurum, ambaye wenzake humwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kumzimia.

"Sikilizeni!" alisema, simu mkononi. "Wametoa programu mpya. Unaiambia, nataka wimbo wa harusi, bibi harusi anaitwa Maha, bwana ana hela lakini mfupi. Kabla chai haijapoa wimbo huo, na fidla zake ndani!"

"Alhamdulillahi," alisema Ghassan. "Maestro kaokoka. Alikuwa anataka kwenda kukaa ughaibuni miaka miwili kusomea kazi ya simu."

Ghassan alistaafu bendi ya jeshi, alikopiga zumari lile la mfuko wa ngozi mpaka mashavu yakasahau kurudi ndani. Kijiweni jina lake ni Zumari, na hakuna kitu chini ya jua ambacho hajakidharau. Maestro naye ni Asaad, mwalimu wa muziki wa shule ya wavulana, na jina hilo alipewa kwa kejeli. Asaad alicheka na wenzake, lakini kwa meno tu. Zumari ndiye aliyemfundisha kusoma noti tangu yuko mdogo, na tangu wakati huo hajapata kumwambia hata siku moja kwamba alichokiandika kinafaa.

"Simu inakopa nyimbo za watu, ami," alijitetea. "Mimi nataka kusomea utunzi. Kuandika muziki ambao haujapata kusikika."

"Kama haujapata kusikika, hao walimu watajuaje kama mzuri?" aliuliza Anas, mpiga kinanda wa maharusi, kijana ambaye nywele zake zina mafuta kuliko gereji zote za pale. "Mimi sijasoma utunzi na Ijumaa nna harusi mbili."

"Wewe unabonyeza, kinanda kinapiga," alisema Loay. "Enhe, Maestro, chuo cha nne kimejibu?"

"Kimejibu asubuhi. Kimenikataa."

Wote wakameza funda moja, kisha wakasema kwa pamoja.

"Nlikwambia! Hao wanataka watu wao!"

"Si watu wao, yakhi, ni ule wimbo wako wa fidla nne. Mtu anasikiliza anangoja wimbo uanze, kumbe ndo umekwisha!"

"Na katikati anaweka kimya! Ati kimya nacho kimeandikwa! Wallahi mimi nkinyamaza harusini sipewi hata maji."

"Zile fidla zinagombana kama wake wenza," alimalizia Zumari. "Na insha aliyowapelekea? Wamemuuliza, sauti yako ya pekee ni ipi. Mwanamme mzima anaulizwa sauti yake! Si wampigie simu tu waisikie?"

Asaad alikunja kikombe chake cha karatasi. Siku nyingine angewajibu, maana na yeye mdomo anao. Siku ile alikuwa amechoka.

"Kimebaki kimoja," alisema. "Mwisho wa maombi ni kesho. Ruhusa ya masomo niliyopewa kazini ni ya mwaka huu tu. Nikikosa hiki, khalas, ntawafundisha watoto wimbo wa mstari wa asubuhi mpaka nstaafu."

Alivyolisema hilo hata Anas aliacha kucheka. Loay, ambaye ukimtoa kelele ana akili zake, akamgeukia.

"Barua za kukusifia kakuandikia nani?"

"Walimu wangu wawili wa chuo. Na ami Ghassan, kwa kuwa ndiye aliyenilea kwenye muziki. Chuo kinamtumia maswali kwenye simu, anajibu mwenyewe. Mimi siruhusiwi kuyaona."

"Ami, uliwajibu?"

"Vyote vinne!" alisema Zumari, akajiweka sawa kwenye kiti. "Wala sikuchelewa. Nlimkinga vizuri sana mwanangu."

"Ulimkinga? Ulimkinga na nini?"

"Na jicho! Wameniuliza, ukimlinganisha na wote uliowafundisha, huyu ni bora kabisa, mzuri sana, mzuri, wa kawaida, au chini ya kawaida. Mimi mjinga? Nkaweka chini ya kawaida."

Kijiko cha Loay kilianguka chini na hakuna aliyekiokota.

"Kwa vyuo vyote?" aliuliza Asaad, na sauti aliyoitoa hakuijua kama yake.

"Vyote. Sikubagua. Na pale pa maelezo nkaandika, kijana wa watu wazuri, hana makuu, muziki wake haujamdhuru mtu."

"Ami!"

"Ami nini? We Asaad, mama yako kahangaika na maradhi yako utoto wako wote kwa macho ya watu, leo mimi nikutie mbele ya watu nisiowajua, niseme huyu hana mfano? Hata mashaallah hawasemi wale! Wangekukubali, ungeshuka uwanja wa ndege ukavunjika mguu."

"Sijafika uwanja wa ndege, ami! Sijafika popote! Umenifungia milango minne!"

Asaad alisimama. Alitaka kusema neno ambalo haambiwi mtu wa umri ule, akalimeza. Alikumbuka miezi aliyokaa kuandika, macho mekundu, mke wake Hajar akimwambia lala. Alikasirika vibaya sana, na zaidi ya hasira aliona haya, kwa kuwa sehemu yake moja iliamini kwamba mzee amesema kweli tu na jicho ni kisingizio.

"Kaa," alisema Loay. "Ami Ghassan, toa simu. Cha tano umeshakijibu?"

"Bado. Nlikuwa nangoja nipate miwani."

"Leo utajibu hapa hapa, mimi ntakuandikia kwa Kiingereza. Utamsifu mtoto wa watu."

"Sifanyi."

"Wenzake huko wanaandikiwa kwamba hawajapata kuzaliwa mfano wao!" alipandisha sauti Loay. "Mtoto kapiga filimbi mara mbili, mwalimu anaapa katikisa ulimwengu! Wewe uliyenaye wa kweli unamficha uvunguni!"

"Ndo vinavofichwa hivo!" Zumari alifoka. "Kibovu nakificha cha nini?"

Hapo palikuwa na kimya kisichoandikwa na mtu. Asaad alikaa bila kujijua. Zumari alitazama upande wa gereji, akatikisa kichwa, akaitoa simu akamsukumia Loay.

"Weka bora kabisa," alisema kwa hasira, kama mtu anayelipishwa. "Mashaallah tabarakallah. Semeni nyote!"

Wakasema, na mwenye mkahawa naye, ambaye hakujua linalosemwa.

"Andika. Nimekaa bendi umri wangu wote. Siku moja kijana huyu alinitumia ule muziki wake wa fidla nne. Nlikuwa naendesha nakwenda hitma kule Bustan. Pale fidla ya pili inapobaki peke yake, nkasimamisha gari pembeni mwa njia. Ulipokwisha nkaurudisha mwanzo. Hitma sikuiwahi." Akavuta pumzi. "Andika, mimi nimemfundisha noti. Hayo mengine sikumfundisha, kwa kuwa mimi mwenyewe siyajui."

Loay aliandika kwa kidole kimoja, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe hakuongeza lake. Asaad aliinama akajifanya anafunga kiatu, naye kavaa makubadhi. Siku ile ya hitma alimuuliza Zumari ameuonaje, na Zumari akamwambia asimletee tena kelele.

"Nitume?" aliuliza Loay.

"Ngoja! Hujamtia wanja!"

"Wanja gani?"

"Mtoto mzuri humtoi nje mpaka umpake wanja kwenye paji la uso, jicho likianguka lianguke kwenye doa. Andika chini, hata hivyo ana kitambi, anakoroma, na hajapata kufika mahali kwa wakati."

"Ami, hiyo ya wakati itaniharibia!" Asaad alisema, huku machozi na kicheko vikigombania uso ule ule.

"Basi futa wakati. Weka miguu yake mibaya."

"Weka miguu," alikubali Asaad. "Miguu na kitambi. Kukoroma aachiwe Hajar."

Loay akaandika miguu na kitambi, akasema bismillahi, akabonyeza. Chuo cha tano kikapelekewa sifa pamoja na doa lake, na Zumari akaagiza chai ya wote akisema wasimzoee.

Ni Anas peke yake aliyekuwa hacheki. Alikuwa ameshika kidevu, anafikiri, kazi ambayo hajaizoea.

"Ami," alisema polepole, "mwaka jana nlipoomba kupiga kinanda hotelini uliniandikia barua. Hodari, hana mfano, atawika duniani, ukurasa mzima. Nimeitundika sebuleni." Akawatazama mmoja mmoja. "Mbona mimi hukunipaka wanja?"

Zumari alitazama ndani ya kikombe chake. Kilikuwa kitupu, akakinywa hivyo hivyo.