Glavu Mbili, Kisu Kimoja

Jumatatu, 2 Machi

Ting! Mpaka sasa imo sikioni. Mhunzi aligonga bapa la kisu kwa ukucha, mara moja tu, na sauti ikabaki hewani kama inaniuliza nilikuwa wapi siku zote. Kisu cha jikoni kwetu ukikigonga kinasema pwa.

Hali ilivyo: Jumatatu ijayo ofisi inakwenda msituni kukusanya mimea. Garini imebaki nafasi moja. Ni mimi au Jembe. Daktari, mkuu wetu, ataamua Ijumaa. Miaka mitatu nimekaa katika chumba cha mimea mikavu nikiandika majina ya miti ambayo sijawahi kuiona ikiwa imesimama. Wananiita Bi Lebo. Jembe alipewa jina lake kwa uchapakazi. Ameshakwenda mara nne, na kakisu ka kukunja kalikoota kutu kwenye bawaba.

Nimejichunguza kwa uaminifu mkubwa. Ninachokosa si uzoefu. Ni kisu. Kisu cha kweli, kisichokunjwa, kilichofuliwa kwa mkono, chuma kikipita ndani ya mpini mpaka mwisho. Nimesoma habari zake wiki sita.

Mhunzi aliuliza nitakata nini. Nikamweleza tofauti ya chuma kilichozimwa kwenye mafuta na kilichozimwa kwenye maji. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema vizuri sana binti yangu, sasa utakata nini? Nikasema vitu.

Bapa lilikuwa tayari, limebaki mpini. Yeye habahatishi mpini. Anakupa karatasi, unauweka mkono wako mezani ukiwa umetulia, unauzungushia kalamu, naye anachonga kwa kufuata mchoro huo. Nilete kesho.

Jumanne, 3 Machi

Nimechora. Aibu! Ni mkono wa mtoto wa darasa la pili. Nimeutazama mchoro muda mrefu nikajiona nilivyo: mtu wa gundi na kalamu. Mhunzi akiuona atanichongea kisu cha kumenyea machungwa.

Nimechora tena kalamu ikiwa imelala kidogo. Afadhali, lakini bado. Ndipo nikaziona glavu za kufulia za Mama. Nikavaa moja. Juu yake nikavaa ya pili. Nikachora. Huo sasa ndio mkono! Mkono uliong'oa visiki.

Mhunzi aliutazama mchoro, kisha akanitafuta mikono. Ilikuwa mfukoni. Akauliza ni mkono wa nani. Nikasema wangu, huwa unavimba mchana kwa joto. Akasema ahaa. Sikuipenda ile ahaa.

Mama anauliza kwa nini glavu zake zina wino. Nimemwambia nilikuwa nafua, naye anauliza nimefua nini.

Jumatano, 4 Machi

Niliazima kisu cha Jembe nikate kamba ya kifurushi. Akasimama juu yangu akiuliza, shoga yangu, unaikata hiyo kamba au unaisomea? Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikamjibu kwa utulivu kwamba kisu cha kweli hakikunjwi. Akasema chake kinajikunja kwa adabu tu, kikiona wasomi.

Amenitibua. Nimebandika onyo ubaoni, bila jina: TAHADHARI! VISU VYA KUKUNJA HUFUNGA GHAFLA NA HULA VIDOLE. Daktari alisimama akalisoma. Akaniita. Akasema mwandiko wangu hana haja ya kuuliza ni wa nani, anauona kwenye lebo elfu nne. Akausifu. Akaniagiza nimwandikie na onyo la chooni, kuhusu kuvuta maji.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeandika la choo. Kwa uchungu, lakini vizuri.

Ijumaa, 6 Machi

Mchana. Niandike upesi.

Nilikichukua kisu asubuhi. Kizuri mpaka kinatia huzuni. Ala ya ngozi, mshono sawasawa. Nikagonga: ting! Nikakishika: mguu wa meza. Vidole havikutani. Nikajiambia kitanizoea.

Daktari alikisifia mbele ya wote, akasema haya, tukuone, kata tawi la ule mti wa uani. Nikainua. Nikapiga. Kisu kikageuka kiganjani, tawi likabaki lilipo, chenyewe kikaruka kikasimama wima kwenye ndoo ya udongo, hatua mbili kutoka kiatu cha Daktari. Akarudi nyuma, akakikagua kiatu.

Jembe akakiokota. Sitausahau uso wake. Hakucheka. Alikishika kama mtu aliyeshikwa mkono na ndugu yake waliyepoteana naye. Pigo moja, tawi chini, limekatika safi. Akasema, taratibu, kwamba hajawahi kushika kitu kilichomtosha hivi. Mikono yake ni mikubwa. Sijui kwa nini sikuwahi kuitazama.

Daktari akasema basi, timu imepatikana: Jembe na kisu hicho. Bi Lebo bila shaka ataazima? Wote walinitazama. Mdomo wangu, ambao sikuutuma, ukasema bila shaka.

Kisha akaniomba niandike lebo ya kwenye ala, kisije kikapotea.

Jumatatu, 9 Machi

Gari limeondoka saa moja. Jembe alinipungia mkono dirishani, ule mkono. Akapaza sauti kwamba atakitunza kama mtoto. Namwamini, ndiyo shida.

Nikaenda kwa mhunzi kulalamika. Hakubishana. Alitoa karatasi yangu, akaitandaza, akaniomba niweke mkono juu yake. Ulilala mle ndani kama mtoto kwenye kitanda cha baba yake. Akasema yeye alimchongea kisu mwenye mkono ule, je, ameridhika? Nikasema mno.

Akanipa karatasi nyingine. Bapa lingine analo, dogo kidogo. Akataka nichore palepale, mbele yake, mkono mtupu. Nikasema nyumbani kuna mwanga mzuri zaidi.

Nimekaa na ukweli huu mchana kutwa, bila kujionea huruma. Mwezi wa sita kuna safari ya milimani. Lazima nijue nilipokosea, na nimepajua, ni wazi kabisa: glavu zilikuwa mbili.

Safari hii nimevaa moja tu. Karatasi nimeshampelekea.