Shafti ya Kisima cha Matinyani

Jumatatu, 10 Machi 2025

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema umebakiza siku ngapi. Alimtazama mke wangu, Wayua, badala yangu. Ishara mbaya!

Kufa si neno. Naogopa kuulizwa huko niendako. Mwaka 1986, nikiwa mwalimu wa ufundi, nilikereza shafti, mhimili wa chuma wa pampu, ya kisima cha kanisa hapa Matinyani. Ikavunjika wiki ya pili. Akina mama wakarudi kufukua maji kwenye mchanga wa mto. Nikaiambia kamati ya kanisa kwamba aliyeikereza ni msaidizi wangu, Kivuva. Akafukuzwa.

Lazima niungame. Lakini si mikono mitupu. Nitakereza shafti mpya katika karakana aliyo nayo Kivuva sasa mjini Kitui. Akishaustaajabia ustadi wangu, nitasema.

Jumatano, 12 Machi

Kivuva alinipokea vizuri mno. Nikaogopa. Akanipa ncha za kisasa za kukatia chuma, za kabaidi, ndogo kama punje za mahindi. Nikakataa, nikatoa kisu changu cha zamani cha kukerezea. Akasema kitafaa kikiwa kikali, mashine ikienda polepole, mafuta yakimwagika. Ila stenlesi, chuma kisichoshika kutu, haitaki kupapaswa: ukiigusa juu juu inakuwa ngumu, na kisu hakiingii tena. Nikamwambia nimefundisha hayo miaka thelathini.

Nikaanza. Niliogopa kuvunja kisu, nikakwangua unyoya tu wa chuma. Unyoya mwingine. Chuma kikalia kama mbuzi. Kikang'aa kama kioo. Nilipojikaza na kuzamisha kisu, ncha ikakatika. Nikalaumu umeme.

Kivuva akazima mashine, akapitisha kidole kwenye mng'ao.

"Mwalimu, ile iliyovunjika ilikuwa na mng'ao huu huu. Ninayo bado."

Iko rafuni, karibu na chupa ya chai. Miaka thelathini na tisa! Akanikalisha juu ya debe la mafuta.

"Shafti sitaki. Useme ukweli Jumapili kanisani, mama asikie."

Mama yake ana miaka tisini na tano. Tangu nilipomchafulia mwanawe jina, hukaa benchi la mwisho.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeandika ungamo, kurasa mbili. Nimelipunguza hadi moja. Wayua amelisoma, akasema jina langu halimo popote. Nikamwambia limo kwa maana. Akaniamuru niandike "mimi". Nimeandika, kwa penseli.

Jumapili, 16 Machi

Nilisimama. Mama Kivuva alikuwa nyuma kabisa, kiganja sikioni. Nilianza vyema: Kivuva hakuikereza ile shafti. Watu wakaguna. Akina mama waliofukua mchanga wakanigeukia, wote. Nikasikia mdomo wangu ukisema kosa lilikuwa la Muindi, mtunza stoo wa shule wakati ule, aliyenipa kisu kibovu. Muindi alifariki 1999. Hakuacha mtoto.

Makofi! Mama Kivuva akaongozwa hadi benchi la mbele, machozi yakimtoka. Kivuva hakupiga makofi. Mlangoni aliniambia kwamba kwa ajili ya mama yake ameshukuru. Mengine ni kati yangu na Muindi.

Nilitabasamu nusu ya njia. Kisha nikakaa chini kando ya barabara, ghafla. Muindi yuko huko niendako! Mtu wa hasira, mabega kama mlango wa stoo.

Wayua anauliza naandika nini tena. Nimechonga penseli. Nitamweleza Muindi kwamba ni Kivuva aliyenituma kumsingizia.